Vichekesho vifupi vya mwanzo wa filamu za sauti: mlio uwekwe wapi?

MsaniiMwanga (Kigoma)

Habari za siku, ndugu zangu. Hapa Mwanga tuna kikundi cha maigizo ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kikicheza vichekesho jukwaani, kwenye mahafali ya shule na kwenye mikutano ya hadhara, na sasa tumeamua kurekodi kichekesho kifupi kwa kamera ya simu. Kisa chenyewe ni chepesi. Wabeba mizigo wawili wanapokea friji iliyoshushwa kwenye boti pale Kibirizi, wanatakiwa kuifikisha kwa mwenyewe anayeishi juu ya kilima, na kila wanapokaribia kufika hutokea jambo la kuwarudisha chini. Maneno ni machache. Kazi kubwa ni kubeba, kuteleza, kulaumiana na kuanza upya.

Katika kujifunza, tumekuwa tukitazama filamu fupi za Marekani za kuanzia mwaka 1929 hadi katikati ya miaka ya 1930, yaani zile zilizotengenezwa mara tu baada ya sinema kuanza kusema. Tumewatazama Laurel na Hardy, tumewatazama wale watatu wanaojulikana kama Three Stooges, na tumetazama pia filamu bubu za Chaplin na Buster Keaton zilizotangulia, ili tuone ni nini kilibadilika.

Ubishi uliozuka kikundini ni huu. Kijana anayetuhariria picha anataka kila anguko liwekewe mlio: mtu akiteleza usikike mluzi, akijigonga usikike mgongano wa masufuria, na mwenye friji akikasirika usikike ngurumo, kama inavyofanywa kwenye klipu nyingi tunazotumiana kwenye simu. Wakubwa wetu kikundini wanasema mlio wa kubandika unamdharau mchezaji, kwa kuwa mwili uliofanya kazi yake vizuri hauhitaji kusaidiwa, na wanatoa ushahidi wa filamu bubu zilizowachekesha watu dunia nzima wakati mkanda wenyewe haukuwa na sauti yoyote.

Nimeshindwa kuamua, kwa sababu katika filamu zile za mwanzo wa sauti naona kila upande una ushahidi wake. Zipo zilizokufa kabisa, wachezaji wamesimama kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi, na zipo ambazo nikizitazama pamoja na watoto wa jirani, wasiojua neno la Kiingereza, wanacheka mpaka wanalala chini. Naomba mwenye ujuzi anieleze: sauti ilikiharibu kichekesho cha mwili, au ilikikuza? Na waliofaulu waliitumiaje, hasa penye vituko vya kuanguka na kugongana?

FundiSautiUjiji

Ndugu yangu wa Mwanga, umegusa jambo ninalolipenda sana. Kazi yangu hapa Ujiji ni kurekodi sauti, kuanzia kaswida hadi matangazo ya redio, na nathubutu kusema kwamba filamu unazozitaja zimenifundisha kazi hii kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa nami studio.

Tuanze na madhara, maana yalikuwepo. Katika filamu bubu kasi ya mkanda haikuwa na kipimo kimoja. Mpiga picha aliweza kuzungusha mpini wa kamera polepole, kisha mkanda ukaonyeshwa ukumbini kwa kasi zaidi, na mwili wa mchezaji ukapata wepesi ambao binadamu hana. Sauti haikubali jambo hilo, kwa kuwa ukiukimbiza mkanda wenye sauti, sauti nayo inapanda na kuwa nyembamba. Ikabidi kasi ifungwe kwenye fremu 24, yaani picha moja moja za mkanda, kwa sekunde, kila siku na kwa kila mtu. Zaidi ya hapo, kamera za wakati huo zilikuwa na kelele, hivyo zikafungiwa ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, zikashindwa kumfuata mchezaji kwa uhuru; nazo maikrofoni zilifichwa mahali pamoja kwenye seti, na wachezaji wakalazimika kubaki karibu nazo. Wale unaowaona wamesimama bila kujongea walikuwa wamefungwa na mashine, na mashine zenyewe zilichukua miaka kadhaa kurekebishwa.

Lipo dhara la pili ambalo halizungumzwi sana. Mtu aliyeanguka katika filamu bubu hakuwa na uzito. Aliruka, alibingirika, akasimama, na mtazamaji hakuwaza mifupa yake hata kidogo. Ilipokuja sauti, anguko likapata kishindo, na kishindo kikamkumbusha mtazamaji kwamba sakafu ni ngumu. Vituko vilivyokuwa vya kuruka na kukimbizana ghafla vikaonekana vizito, tena vingine vikatia huruma badala ya kuchekesha. Hapo ndipo wengi walipokwama.

Stan Laurel na Oliver Hardy hawakukwama, na sababu ni kwamba walikuwa wazito tangu mwanzo. Tangu walipoanza kuwa jozi kamili mwaka 1927, katika studio ya Hal Roach iliyokuwa Culver City, California, walichekesha kwa kutokuwa na haraka. Mmoja anatenda kosa, mwingine anamtazama. Anageuka na kututazama sisi. Ndipo analipa kisasi, naye mwenzake anasubiri alipwe. Mwendo huo haukuhitaji mkanda wa kukimbizwa. Filamu yao ya kwanza ya kusema, Unaccustomed As We Are, ilitoka mwaka 1929, na tayari ndani yake wamekwisha kutambua jambo ambalo naona ndilo jibu la swali lako: mwishoni mmoja wao anaporomoka ngazi akiwa nje ya picha. Hatumwoni. Tunachosikia ni mporomoko, na tunachokiona ni uso wa mwenzake anayeusikiliza. Filamu bubu isingeweza kufanya hivyo, maana kisichoonekana ndani yake hakipo. Sauti iliwapa nafasi ya kuficha anguko na kumwachia mtazamaji alitengeneze mwenyewe kichwani, na anguko la kichwani daima huwa refu kuliko la ngazi yoyote.

Sasa niingie kwenye ile inayofanana na kisa chenu, The Music Box ya mwaka 1932, iliyoongozwa na James Parrott. Naamini mmeitazama. Wawili hawa wanapeleka piano ndani ya sanduku kubwa la mbao kwenye nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu, na ngazi hiyo ipo hadi leo katika mtaa wa Silver Lake, Los Angeles, ina vidato 133. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kupewa Oscar ya kichekesho kifupi. Wengi hawajui kwamba miaka mitano kabla yake walikuwa wamefanya kituko hicho hicho, kwenye ngazi hiyo hiyo, katika filamu bubu iitwayo Hats Off, ambayo nakala yake imepotea. Mzigo waliobeba mwaka 1927 ulikuwa mashine ya kufulia. Walipopata sauti wakaubadilisha ukawa piano.

Naomba ulitafakari badiliko hilo kwa makini. Piano ni mzigo unaolia. Imefungiwa ndani ya sanduku, hatuioni kwa sehemu kubwa ya filamu, lakini kila kidato inachogonga, nyuzi zake zinanguruma na kuugulia ndani ya mbao. Sanduku likiporomoka lote hadi barabarani, tunamsikia mtu wa tatu wa kisa hicho akilalamika njia nzima. Mlio haukubandikwa juu ya kituko. Mlio umetoka ndani ya mzigo wenyewe, na ndio unaotuambia kwamba ndani mna kitu chenye thamani kinachoharibika. Hata Chaplin, aliyekataa wahusika wake kusema, alifanya jambo la jinsi hiyo katika City Lights mwaka 1931: anameza filimbi kwenye karamu, akapatwa na kwikwi, na kila kwikwi ikapiga mluzi unaomkatiza mwimbaji na kuwaita mbwa kutoka nje. Filimbi ipo tumboni mwake. Mlio una mahali unapotoka na una matokeo.

Kwa hiyo nawashauri muiache friji. Friji ikigongwa inatoa kishindo kimoja tu, kisha kimya. Wabebesheni vijana wenu kabati la vyombo, lile la kioo linalowekwa sebuleni, ambalo mama mwenye nyumba ameagiza lije na vikombe, sahani na birika vyote vikiwa ndani, na limefunikwa kwa turubai tusione kitu. Kila hatua wanayopiga kupanda kilima vyombo vitasema. Mwanzoni vitagongana kidogo tu. Katikati utasikika mlio wa kitu kimoja kilichovunjika, nao wawili watasimama na kutazamana. Mwishoni, likitikiswa, litatoa sauti ya kokoto. Mtazamaji atakuwa ameshuhudia msiba wa kabati zima bila kuona hata kipande kimoja, na hamtahitaji mluzi wala ngurumo.

GunguKwetu

Mkuu FundiSauti, heshima yako. Uchambuzi wako wa piano nimeukubali moja kwa moja, ila sikubaliani na pale unapoelekea kusema kwamba mlio wa kubandika hauna kazi. Laurel na Hardy walikuwa njia mojawapo. Three Stooges walikuwa njia nyingine kabisa, na walidumu kuliko wote.

Moe Howard, Larry Fine na Curly Howard walianza kazi katika kampuni ya Columbia mwaka 1934, na filamu fupi walizotengeneza hapo, pamoja na zile ambazo ndugu yake Curly na baadaye mchezaji mwingine walishika nafasi yake, zilifikia 190, ya mwisho ikitoka mwaka 1959. Ukiwatazama bila sauti, jaribu tu kuizima, utaona jambo la kutisha: mtu mzima anampiga mwenzake makofi, anamchoma vidole machoni, anamvuta pua kwa koleo. Huwezi kucheka. Rudisha sauti, na mambo yanageuka. Kidole kinapoingia machoni unasikia uzi wa ala ya muziki ukidonolewa. Kofi linalia kama mjeledi. Kichwa cha Curly kikigongwa kinatoa mlio ambao hakuna fuvu linaloweza kuutoa. Masikio yanamwambia mtazamaji kwamba hawa hawaumii, mambo haya ni ya dunia nyingine, cheka bila wasiwasi.

Wewe umesema vizuri kwamba sauti ililipatia anguko uzito na huo uzito ukatia huruma. Basi mlio wa uongo ndio uliouondoa uzito huo tena. Watu wa Columbia walirudisha ule wepesi wa filamu bubu kwa kupitia mlango wa masikio. Na hawakuweka mlio ovyo; sikiliza filamu yao ya mwaka 1936 iitwayo Disorder in the Court, ambayo inapatikana bure na kihalali kwa kuwa hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa, utaona kwamba kofi, konzi na kidole vinakuja kwa mapigo yanayohesabika, na Curly anajaza nafasi zilizobaki kwa sauti zake mwenyewe za koo, mikoromo na vicheko vyembamba ambavyo havina maana ya neno lolote na kila mtu duniani anavielewa.

Kwa hiyo kijana wa kuhariri asikatishwe tamaa. Kama wabeba mizigo wale watapigana, milio ya kubandika itawafaa kwenye ugomvi. Ninachokubali ni kwamba kwenye kabati lenyewe isiwekwe, kwa sababu kabati lazima liumie kweli.

MwalimuMstaafu_Tabora

Wanangu, nimefurahi kukuta mjadala wa namna hii, nami niongeze machache kutoka huku Tabora, ambako nilifundisha na kusimamia maigizo ya wanafunzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu.

Kuna jambo mmelipita haraka, nalo ni wakati. Mlio wa kweli na mlio wa kubandika vyote vinakufa vikichelewa. Katika miaka ya kwanza ya filamu za sauti, kampuni ya Warner ilitumia mfumo wa Vitaphone, ambapo picha zilikuwa kwenye mkanda na sauti kwenye santuri kubwa iliyozungushwa sambamba na projekta. Upande mmoja wa santuri ulitosha mkanda mmoja wa takriban dakika kumi na moja. Mfumo ulikuwa na sauti nzuri, lakini sindano ikiruka, au mkanda ukikatika na kuungwa huku kipande kikipotea, midomo na maneno yanaachana. Katika tamthilia ya huzuni watu watavumilia. Katika kichekesho, kofi linalosikika baada ya shavu kukaa sawa haliamshi kicheko cha mtu. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Warner wenyewe waliuacha mfumo huo na kujiunga na wenzao waliokuwa wakiiweka sauti pembeni mwa mkanda wenyewe.

Nchi yetu inao uzoefu wake wa jambo hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema lenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara, lililotengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa gari katika Tanganyika na nchi jirani. Nao walitumia santuri kwa ajili ya maneno, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa gharama na filamu moja iliweza kusindikizwa na lugha mbalimbali kwa kubadilisha santuri tu. Ninawaza mara nyingi ugumu wa fundi yule usiku, kijijini, jenereta ikinguruma, akijaribu kuishusha sindano pale panapostahili.

Nawaeleza hayo kwa sababu ugonjwa huo upo hata leo. Ukionyesha video kutoka kwenye simu kupitia spika ya bluetooth, mara nyingi sauti inachelewa nyuma ya picha kwa kitambo kifupi sana, na hicho kitambo kinatosha kuua anguko lililochezwa kwa ustadi. Katika kibanda umiza au uwanja wa shule, tumieni waya.

La pili ni ukimya. Studio ya Hal Roach ilikuwa na desturi ya kuzionyesha filamu mbele ya watazamaji wa kawaida kabla ya kuzitoa, na Stan Laurel, ambaye alishiriki kikamilifu katika kutunga vituko na kuhariri ingawa jina lake halikuandikwa kwa kazi hizo, alikuwa akipima kicheko kinadumu muda gani. Penye kicheko kirefu, uso wa Hardy unaotutazama uliachwa muda mrefu zaidi ili maneno yanayofuata yasimezwe. Katika filamu bubu hapakuwa na haja hiyo, watu waliweza kucheka wanavyotaka bila kukosa neno. Hivyo sauti ndiyo iliyowalazimisha wajifunze kunyamaza. Tazameni Night Owls ya mwaka 1930, ambamo wawili hao wanaingia usiku nyumbani kwa mkuu wa polisi: kisa chote ni juhudi za kutopiga kelele, na kelele zinachekesha kwa sababu zimezungukwa na kimya kinene. Mkijaza kila sekunde kwa muziki na miluzi, mtakosa mahali pa kuweka mlio wa kile kikombe anachokisema ndugu yetu wa Ujiji.

Na kwa kuwa kijana wa Mwanga ametaja watoto wasiojua Kiingereza, niseme kwamba tatizo la lugha liliwakabili hao mabwana mapema sana. Filamu bubu ilivuka mipaka kwa kubadilisha maandishi tu. Filamu ya kusema ilikwama mpakani. Mnamo 1930 na 1931 Laurel na Hardy walizirudia baadhi ya filamu zao, tukio kwa tukio, kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, wakitamka maneno yaliyoandikwa kwa kufuata sauti yake, ilhali wao wenyewe hawakuzijua lugha hizo. Matamshi yao yaliyopinda yaliwafurahisha Waitaliano kiasi kwamba baadaye, filamu zilipoingizwa sauti za waigizaji wa huko, lafudhi hiyo ya kigeni ilihifadhiwa, na mmoja wa waliomsemea Hardy alikuwa Alberto Sordi, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji mashuhuri sana nchini mwake. Sisi tunao watafsiri wetu wa vibanda vya video, wanaokaa na maikrofoni na kuisimulia filamu kwa Kiswahili huku inaendelea. Wengi wao wana kipaji kikubwa, lakini wanaijaza filamu hadi ukingoni. Ikiwa kazi yenu itapita mikononi mwao, waombeni waheshimu zile sehemu ambazo kabati peke yake ndilo linalozungumza.

MsaniiMwanga (Kigoma)

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. FundiSauti na GunguKwetu, nawashukuru pia. Nimewasomea wenzangu majibu yote, na suala la kabati la vyombo limepita bila kupingwa. Hata kijana wetu wa kuhariri ameanza kukusanya sahani zilizopasuka kutoka kwa majirani. Ugomvi wa wabeba mizigo tutauweka mara moja tu, katikati ya kilima, na hapo ndipo atakaporuhusiwa milio yake.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: sauti ya vyombo tuirekodi wakati uleule tunapopiga picha, au kando? La pili: kisa kirefushwe kiasi gani? Wengine wanasema dakika tano zinatosha kwa watazamaji wa simu.

FundiSautiUjiji

Mwalimu, shikamoo kwa niaba yetu sote. Hilo la waya ningelisema mimi, na umelisema vizuri zaidi.

GunguKwetu, nakubaliana nawe kuhusu uzi unaodonolewa. Naongeza tu kwamba milio ile iliwafaa Stooges kwa sababu filamu nzima ilikuwa ndani ya dunia hiyo, kuanzia kofi la kwanza. Ukichanganya kabati linalovunjika kweli na kofi lisiloumiza, mtazamaji hatajua amwonee nani huruma, kwa hiyo huo ugomvi ufanyike mbali na kabati, limewekwa chini kwa uangalifu kando ya njia. Na labda, wakiwa wanapigana, lianze kuteleza lenyewe nyuma yao, huku vyombo vikianza kusema.

Kuhusu kurekodi: fanyeni kando. Maikrofoni ya simu ikiwa mbali itachukua upepo wa ziwa na pikipiki za barabarani kabla ya kuchukua vikombe. Pigeni picha kwanza, kabati likiwa tupu ili wabebaji wasiumie, ila liongezeeni mfuko wa mchanga ili miguu yao ionyeshe uzito wa kweli. Kisha ingieni chumba chenye mapazia na magodoro, wekeni vyombo ndani ya kabati lilelile, na mlitikise mkiwa mnaitazama picha, hatua kwa hatua. Rekodini sauti ya karibu kabisa, kisha rudini nyuma na kurekodi ya mbali, kwa kuwa kabati linaloporomoka kwenda Kibirizi lazima lisikike likienda. Katika The Music Box utasikia jinsi sanduku linavyozidi kufifia kadiri linavyoshuka, na Hardy akilikimbiza. Ukubwa wa kilima mtauonyesha kwa njia hiyo, hata kama kamera haikuweza kukiona chote.

Kuhusu urefu, filamu nyingi za aina hii zilikuwa za mikanda miwili, kama dakika ishirini, na hiyo ya piano ilipewa mikanda mitatu, karibu nusu saa. Ukumbi wa sinema ulizikubali kwa kuwa zilitangulia filamu kubwa. Ilipoenea desturi ya kuonyesha filamu kubwa mbili kwa tiketi moja, katika miaka ya 1930, nafasi hiyo ikabanwa, na Hal Roach akaacha kutengeneza filamu fupi za Laurel na Hardy mwaka 1935. Ninyi hamna ukumbi unaowabana. Dakika tano ni chache mno kwa kisa cha kupanda mara kwa mara, maana mtazamaji anatakiwa achoke pamoja nao kabla hajaanza kucheka sawasawa. Chukueni urefu wa mkanda mmoja, dakika kumi au kumi na moja, na ndani yake kabati lishuke mara tatu. Mara ya kwanza tulione lote likishuka. Mara ya pili tuone nusu. Mara ya tatu kamera ibaki kwa mama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni na pesa mkononi, na kazi yote ya kushuka ifanywe na vyombo.